Sababu ya Maduhu

...na bado haendi, ameipita tena ile alama ya njano kwenye ramani, anaendesha pikipiki polepole katika mji nilioutunga mimi, anapisha mbuzi, anapisha watembea kwa miguu, nani huwapisha watembea kwa miguu katika gemu la wizi, vijana tuliowapa wajaribu kule Mwanza waliwagonga wote wakacheka, lakini kaka yangu Bujiku ameshika padi ya kuchezea kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto, amekaa sebuleni kwa baba hapa Samuye, kompyuta yangu iko juu ya stuli mbele yake, na mimi nimekaa nyuma ya bega lake na chai iliyopoa, nasubiri ajitambue, maana huyu mwendesha pikipiki nimempa jina la Maduhu, nimempa na kovu shavuni, lakini ni yeye, ni Bujiku, anavyoinamisha kichwa kabla ya kuwasha, anavyosema "haya basi" hata pasipo na la kumaliza, nimemchukua mzima mzima bila kumwomba, na Marcel, anayeongoza kazi yetu, aliponiuliza huyu umemtoa wapi nikamjibu nimemtunga...

"Nisipokwenda?" anauliza bila kugeuka. "Wapi, kaka?" "Kwenye hii alama." "Hakuna kitu, mji uko wazi, zunguka utakavyo." "Na hawa wenzangu?" "Watakusubiri palepale." "Mpaka lini?" "Mpaka uende," nasema, maana nimeandika njia za kuingilia kwenye karasha, kile kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kwa geti, kwa paa, kwa kumhonga kibarua, sikuandika hata njia moja ya mtu kugeuza pikipiki na kurudi nyumbani, na yeye mwenyewe hakurudi, siku ile ya kweli, alibeba watu wawili mpaka kwenye karasha kule machimboni nje ya Kahama, wakaiba viroba vya mawe, mmoja wao akampiga mlinzi na chuma, mlinzi akafia njiani kupelekwa hospitali, na Bujiku alikuwa nje tu, pikipiki inaunguruma, hivyo ndivyo tulivyozoea kusema hapa nyumbani, alikuwa nje tu... mahakamani sikwenda, gerezani nilikwenda, nilimpelekea sabuni na sukari, nikamsimulia ng'ombe yupi kazaa na mvua imenyesha wapi, nikaondoka kila mara bila kumuuliza kwa nini, halafu yule ambaye sikuwahi kumuuliza nikamwandikia jibu, kwa sababu Marcel alisema, Agnetha, mchezaji lazima ajue jamaa anataka nini, la sivyo hatampenda, mpe kidonda, nami nikampa, nikaandika kwamba baba yake Maduhu alifukiwa shimoni, na tajiri mwenye karasha akakataa asifukuliwe ili kazi isisimame, watu wa ofisini walisoma, mmoja akafuta macho, nikajisikia mwandishi... na huko nje jirani anapita anasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," baba anaitikia "Mhola," nasikia fimbo yake ikigonga mlango wa zizi, baba yangu, mzima kabisa, hajawahi kushuka shimoni, nimemfukia ili kaka yangu aonekane ana haki.

Sasa amesimamisha pikipiki. Amesimama mbele ya geti, mlinzi yuko pale na koti lake kubwa, Bujiku anabonyeza kitufe cha kuongea, mlinzi anasema "Tunafunga," anabonyeza tena, "Tunafunga," tena, "Tunafunga," ni neno lake pekee, nililiandika nikiwa nakula chakula cha mchana, Maduhu nimemwandikia kurasa na kurasa za uchungu... "Huyu hana jina?" "Ni mlinzi tu, kaka," na mara tu linaponitoka nataka kulirudisha, yeye anatikisa kichwa taratibu. "Yule wa kweli, Sostenes, alikuwa mwongeaji. Ukifika pale huondoki. Atakueleza baiskeli yake, atakueleza mkewe Martina anavyomfichia tumbaku." "Kumbe ulimjua?" "Nilikuwa nampelekea mawe ya wateja. Siku ile aliniona mimi, akajua nimeleta mawe. Akafungua." Akafungua... kwa hiyo hakuwa nje tu, uso wake ndio uliokuwa ufunguo, watu wote waliokaa mahakamani walilijua hili na mimi sikulijua kwa kuwa sikutaka kukaa kwenye benchi lile, na katika gemu langu geti linavunjwa kwa nyundo, mchezaji anapata pointi.

"Maduhu anakwenda kwa ajili ya baba yake," anasema Bujiku. "Ndiyo." "Anatembea kama mimi." Nilikuwa nimeandaa la kusema, kwamba ni heshima, kwamba nilitaka watu wakuelewe. "Mimi waliniambia kuna kazi, nikawasha pikipiki," anasema. "Basi. Sikuwa na njaa, sikuwa na hasira na mtu. Hiyo sababu nimeitafuta miaka yote kule ndani, sikuiona. Wewe umeipata wapi?" Hana ukali, anauliza kweli, kama mtu anayeuliza chumvi hii umenunua duka gani, na mimi niliyeogopa atakasirika naona kwamba nilichoogopa zaidi ni kwamba angeipenda, angeishika ile hadithi na kusema ndiyo, ni kwa ajili hiyo, nami ningemwachia, tungebaki nayo wote wawili, na Martina angebaki na neno moja la mumewe, lile "Tunafunga," na lenyewe si lake... hajageuka, kidole kiko juu ya kitufe, mlinzi anasubiri, pikipiki inaunguruma kwenye spika ndogo, ni mimi wa kujibu, umeipata wapi, Agnetha, sikuipata popote, kaka, na haikuwa yako kamwe, wala haikuwa ya mchezaji, niliitunga kwa ajili yangu, ili kule mjini wakiniuliza kaka yako alifanya nini, niwe na jambo la kuwaambia kabla hawajauliza aliyekufa aliitwa nani.