Mshipa Uliomfuata Kimeu

Mbithe alikuwa akikoroga uji aliposikia kitanda kikilia. Akainama kutazama mvunguni. Sakafu ya udongo ilikuwa imepasuka, na jiwe jeusi la kung'aa limechungulia, pembe zake zimekatika sawasawa kama mche wa sabuni. Alimpa mumewe kikombe chake kwanza, halafu akamwambia.

"Umenifuata," Kimeu alisema, akapuliza uji.

Alimaanisha mshipa wa madini. Alikuwa ameuchimba miaka mingi katika mgodi ulio ng'ambo ya Mugutha, mahali mwamba ulipopasuka zamani za kale, risasi, ile metali nzito, ikajaa katika ufa, na fedha kidogo ndani yake, ya kutajirisha wenye mgodi tu. Fedha ilipopungua, wenyewe walizima pampu wakaenda zao. Maji yakapanda mpaka kwenye magogo yaliyoshikilia paa la handaki. Wachimbaji waliambiwa warudi makwao. Mshipa haukuambiwa kitu. Ukakaa gizani peke yake, ukachoka, ukaja Makongeni chini kwa chini kumtafuta mtu aliyeujua. Hata mbuzi angefanya hivyo.

Basi wakainua kitanda kwa matofali, maisha yakaendelea. Ndila, binti yao, alilikalia jiwe akila viazi.

"Mama Ndila, nipe kipande cha risasi nikandamizie kifuniko cha sufuria," Waceke wa nyumba ya pili aliita siku moja, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, na aliyekutwa na risasi ya bunduki aliweza kunyongwa. Ulimi hauna mfupa, na Kiswahili nacho, haki ya nani, kina neno moja tu kwa vyote viwili. Askari alikuwa akipita nyuma ya ua.

Alirudi na wenzake kabla ya chakula cha mchana. Cha mvunguni huinamiwa, nao waliinama, wakaliona jiwe, wakaendelea kutafuta bunduki. Hawakuipata. Wakamchukua Kimeu.

Kortini hakimu Mzungu aliuliza, na Bedan, mkalimani, akageuza: "Una risasi nyumbani?"

Mbithe alimkazia mumewe macho akane. Lakini Kimeu alikuwa mzee wa kanisa, mdomo wake haukuzoea kukana.

"Ninayo, bwana. Nyingi. Na bado inaota."

Bedan alielewa vizuri sana. Alikuwa mtu wa Ruiru, shemeji yake alichimba kulekule. Lakini mwaka ule mkalimani aliyemsahihisha Mzungu alihesabiwa kuwa mmoja wa waasi. Akatafsiri neno kwa neno, akitazama viatu vyake. Mbithe akainuka, akaweka bonge la jiwe alilokuja nalo mezani, meza ikapiga kelele.

"Risasi ni hii, bwana."

Hilo nalo lilitafsiriwa, na korti ikaandika kwamba mke amethibitisha.

Hawakumnyonga, kwa kuwa bunduki haikuonekana. Walimtia kambini, nje kidogo ya Thika, miaka kumi.

Siku aliyohamishwa, mshipa ulijivuta kutoka mvunguni kama gunia linaloburutwa, ukaacha mtaro. Hata kipande cha Waceke kilishuka kwenye sufuria, kikaufuata. Ulipita chini ya mashamba ya mkonge, na kufikia masika ukachomoza kambini karibu na mlingoti wa bendera. Wataalamu waliitwa. Wakasema ni risasi, na fedha si haba. Wafungwa wakapewa sururu, na Kimeu, kwa kuwa ndiye aliyeijua kazi, akateremshwa wa kwanza.

Jumapili moja Mbithe aliruhusiwa kumwona kupitia senyenge. Mikono ya mumewe ilikuwa myeusi, na alikuwa akikohoa.

"Wanakufanyisha nini, Baba Ndila?"

"Nachimba risasi."

 Mbithe akamgeukia askari aliyesimama pale. "Umesikia? Amesema risasi. Si ndiyo ileile aliyofungiwa?"

"Ile ilikuwa yake, mama," askari alisema kwa upole. "Hii ni ya serikali."

Mbithe akarudi nyumbani, akafukia mtaro, akatoa matofali. Kitanda kilikaa sawa, naye akalala upande wake.