Waebrania Hawapasuliwi

Mtoto amekingama tumboni, mkono umeshatangulia nje, na mama mkwe wangu ananiimbia. Ndiyo, anaimba! Ananipaka mafuta ya upako kitovuni huku Dakta Oyelaran kashika karatasi ya ruhusa.

"Mama, huyu hapiti," daktari akasema. "Tukichelewa tutawakosa wote wawili. Ni kisu tu."

"Kisu kwa nani?" Mama akamkata jicho. "Mke wetu ni Mwebrania. Waebrania huzaa kabla mkunga hajafika. Imeandikwa kwenye Biblia!"

"Mbona mimi mkunga nipo hapa tangu asubuhi?" nesi akanong'ona. Ningecheka, ila uchungu ulinibana.

Ubaya ni kwamba neno lile nililisema mwenyewe. Kila Jumatano, kwenye maombi ya wajawazito kanisani kwa Nabii, tulishika matumbo: "Sipasuliwi! Nazaa kama Mwebrania!" Nani alipaza sauti kunishinda? Hakuna. Sasa nilikuwa nimejifunga kwa ulimi wangu.

Mume wangu Kolade alikuwa na simu sikioni, kalamu mkononi. "Nabii anasema tungoje saa moja."

"Saa moja ya nani?" nikafoka. "Mtoto ameacha kucheza, Kolade! Lete kalamu."

"Mke wetu, usitutie aibu."

"Nisamehe, Mama, leo siwezi kukupigia magoti. Tumbo ni langu." Nikampokonya Kolade kalamu, nikasaini.

Binti yangu alilia saa saba mchana. Nami nikalia, kwa furaha tupu.

Alipotimiza wiki sita, Mama alinipandisha madhabahuni kutoa shukrani. "Mke wetu kazaa kama Mwebrania!" akatangaza. "Wembe haukumgusa!" Kanisa zima likashangilia. Nikamtazama Kolade, akainamisha kichwa. Mshono uliniwasha chini ya gauni.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Bisoye, jirani yetu, mwenye mimba ya miezi tisa. Juzi tu Dakta Oyelaran alimwambia kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, lazima apasuliwe, na yeye akaja kwangu analia, hajui afanye nini, wala hajui kuwa nami nilipasuliwa. Sasa akaruka juu, mikono hewani: "Napokea! Na mimi napokea!"

Mama akanipa kipaza sauti. Nikafungua kinywa nimwambie Bisoye ukweli. Watu mia tatu wananitazama, Mama kanishika kiwiko.

"Bwana asifiwe," nikasema.

Bisoye hakurudi hospitali. Alhamisi tulimzika pamoja na mwanawe. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linalonila.