Saba Yenye Mstari

Makuruta wana vifua kama milango, lakini wakiona kijiti cha puani wanamwita mama. Manesi huwachukua sampuli uwanjani, kila mmoja anaandika namba yake kwenye kichupa, kisha vinaletwa kwangu maabara. Atakayekutwa na korona anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Majina sipewi, eti nisipendelee. Nipendelee nani mimi, na mdomo wangu huu?

Asubuhi ya zamu ya mwanawe kupimwa, dada yangu alikuwa ameshapiga simu mara tatu.

"Mdogo wangu, mtoto umri unamtupa mkono. Akikosa mwaka huu ndiyo basi tena."

"Dada, mashine haina mama mdogo," nikamjibu, nikakata.

Saa nane mashine ikaonyesha kichupa kimoja kina korona. Arobaini na saba. Saba ilikuwa na mstari katikati, umekolezwa mpaka lebo imechanika. Mstari ule nilimfundisha mimi huyo mtoto wa dada, ana miaka sita, asichanganye saba na moja. Alikuwa ameuacha tangu sekondari. Leo kaurudisha, kwa makusudi, ili niuone.

Mjinga wewe! Nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja.

Tunaruhusiwa kurudia kipimo mara moja. Nikarudia. Jibu lilelile. Pembeni kilikuwepo kichupa cha arobaini na nane, kisafi kabisa. Kuchota humo matone mawili na kusema mashine ilikosea, nani angejua? Mkono ulishafika. Nikakumbuka bweni lao: watu arobaini, vitanda vya juu na chini, dirisha moja lisilofunguka. Nao wana mama zao, wanapiga simu huko. Nikaandika: ana virusi. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni nilimkuta getini na begi lake, barakoa imemfika machoni.

"Mama mdogo, uliiona?"

"Niliiona."

Akalitua begi chini. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Anayelala kitanda cha chini ya changu ana pumu," akasema. "Usiku kucha namsikia anavyohema. Na bado niliuchora ule mstari."

Nikanyoosha mikono nimkumbatie, mwanangu yule. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Usinisogelee," akasema. "Nitakuambukiza."

Dada yangu mpaka leo hapokei simu zangu.