Ukurasa wa Hamsini na Mbili

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, karani wa masjala ya mahakama alifungua dirisha lake, akapangusa vumbi kwenye mhuri na kumwita wa kwanza katika foleni. Huyo alikuwa mwanamke aliyefuata hati ya talaka. Wa pili alikuwa meya wa zamani, aliyefariki miezi saba iliyopita. Alivaa suti aliyozikiwa, magotini ikiwa na udongo. Alisema amesikia majaji wametoa uamuzi wao, naye anaomba nakala.

Karani alimweleza kwamba nakala hupewa mhusika au warithi wake. Meya akasema mhusika ni yeye. Karani alipekua kanuni, hakuona panapomkataza, akamwonyesha pa kutia saini.

Enzi za uhai wake, paa la soko jipya liliporomoka likaua watu kumi na mmoja. Mji mzima ulisema meya ndiye aliyeruhusu soko lifunguliwe, hali akijua nguzo ni mbovu. Akipita njiani, wazazi waliwavuta watoto wao kando. Presha ilimuua uchunguzi ukiwa katikati. Majaji watatu waliendelea bila yeye. Walisikiliza mashahidi arobaini, wakapeleka kibali cha soko kwa mtaalamu wa saini, na kwenye ukurasa wa hamsini na mbili wakaandika kwamba meya alikataza soko lisifunguliwe, kwa barua, mara mbili, na kwamba saini iliyo kwenye kibali si yake. Ni ya nani, hakuna aliyeuliza tena.

Meya alianzia kwa kinyozi, ambaye mdogo wake alifia sokoni. Kinyozi alimvutia kiti, akamuuliza kama huko aliko amekutana na mdogo wake. Meya akajibu kuwa wa sokoni wamepangwa upande mwingine, bado hawajaonana. Kinyozi aliusoma ukurasa mara mbili, midomo ikicheza, kisha akamrudishia.

"Mheshimiwa, mimi sikuvunjii heshima," alisema. "Lakini majaji walikuwa watatu. Sisi ni mji mzima."

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Walimkaribisha, wakampa pole ya kufa, wakasoma, wakasema wakubwa wamelindana. Hakuna aliyetilia shaka kwamba meya amekufa na anatembea. Walichokitilia shaka ni ukurasa wa hamsini na mbili.

Siku ya tatu alifika kwa bintiye wa pekee, fundi cherehani. Baada ya mazishi, binti huyo alikuwa amefuta jina la baba yake kwenye kibao cha duka. Aliupokea uamuzi, akausoma wote amesimama, hata kurasa za vipimo vya nguzo. Alipomaliza alikaa kitako, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani.

"Baba, nilidhani ni wewe," alisema. "Hata tulipokuwa tunakuzika, moyoni nilikuwa nasema ni wewe."

"Sasa umesoma."

"Nimesoma, na nimeamini. Lakini hao wote nitawasomea lini?"

Meya alinyoosha mkono kumgusa bega, akauona udongo kwenye vidole vyake, akaurudisha mkono. Nje, mteja alikuwa akikung'uta viatu mlangoni. Alikuja kupimwa gauni la harusi ya mwanawe. Binti alimtazama mteja, akamtazama baba yake.

"Nisamehe, baba. Pitia mlango wa nyuma."

Meya alikunja makaratasi yake, akatoka taratibu, akiacha vumbi jekundu sakafuni.

Mteja aliingia, akaweka mkoba wake chini, akauliza aliyetoka ni nani.

"Marehemu mmoja tu," binti alisema. "Alikuwa amepotea njia."

Mteja akasema masikini, Mungu amsaidie afike, kisha akainua mikono apimwe.