Mashine Isiyojua Imeshiba

Hakuna mashine Santo Domingo nzima inayoweza kunishinda mimi, Wilkin. Nilimwambia mama hivyo Jumamosi asubuhi, bisibisi ikiwa nimeichomeka sikioni kama kalamu ya seremala. Jirani yetu Don Bienve akaegemea ukuta wa uani na kahawa yake ili asipitwe.

"Haya, injinia," akasema. "Na ile pikipiki yako, siku hizi inaendaje?"

"Kama mshale, Don."

"Nimeona," akasema, akacheka peke yake.

Umeme ulikuwa umerudi punde, mtaa mzima ukipiga kelele kana kwamba timu imeshinda. Kila uani mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma. Yetu ilikuwa inakunywa tu. Ilikunywa maji ya tangi la paani mpaka yakaifika shingoni, yakamwagika, yakawaogesha kuku, na nguo za watu zimetulia humo kama zimekuja ufukweni kupumzika. Kuzungusha, hata chembe!

Mama hufulia watu. Mashine hiyo ndiyo jembe lake. Na lori la vyuma chakavu lilikwisha kuingia mtaani, kipaza sauti kikilia: "Nanunua mashine mbovu za kufulia! Majiko! Majokofu! Betri!" Mama mdogo Fiordaliza, aliyechoka kudeki, akalisimamisha mlangoni petu.

"Iuze, dada. Imekufa hiyo."

Mwenye lori akaingia na kamba mkononi kabisa. Mama akafunga mfuniko wa mashine, akapanda, akaukalia.

"Mtanibeba na mimi."

"Mama, nina mitaa mingine. Nitakaa hapo nje nikupigie honi mpaka ukubali."

"Piga mpaka betri yako ife, kisha uinunue mwenyewe!"

Akanigeukia. "Na wewe, fundi wa maneno, fanya kazi."

"Ni koki ya ndani hiyo, mama. Haifungi." Nikachomoa waya ukutani nisije nikapigwa shoti. Palepale maji yakakatika kabisa.

"Mbona imefunga?" mama akauliza.

"Basi ni mota."

"Mota ndiyo inayokunywa maji?" Don Bienve akadakia ukutani.

Mama akawa anapigapiga bati kwa kisigino, anawaza. "Ikiwa na umeme inadai maji. Ukiuchomoa, inanyamaza. Basi koki ni nzima. Mashine ndiyo inayojiona tupu, na haifanyi kazi mpaka ishibe. Kama baba yako." Akamtazama mwenye lori. "Nini huiambia kwamba imeshiba? Wewe umeshazichinja ngapi?"

"Mimi nanunua, mama. Sitibu."

"Basi shika huko tuigeuze, kwa kuwa mikono unayo."

Akashuka. Jamaa akajikuta anasukuma. Mama akaninyang'anya bisibisi, akafungua bati la nyuma mwenyewe. Chini ya pipa palikuwa na kichuchu cha plastiki kimetokeza, kitupu. Juu, kwenye kidude cha kupima maji, kingine, nacho kitupu. Vilikuwa vinatazamana kama wachumba waliogombana.

"Hapa palikuwa na kitu," mama akasema.

Mwenye lori akaanza kukunja kamba yake, amekata tamaa. "Kampira. Hakapitishi maji, kanapitisha hewa. Maji yakipanda yanaisukuma hewa, kidude kinajua pipa limejaa, mashine inaanza kuzungusha. Hako kameng'olewa."

Nilikuwa nakajua kampira hako. Kakavu, hakana hata tone la maji. Mtu yeyote mwenye akili angekaona hakana kazi.

"Panya," nikasema upesi. "Panya wa mtaa huu wanatafuna mipira, mama. Wakubwa! Jana nimemwona mmoja, mkia wake—"

"Panya."

"Naapa! Na nitamkamata, hata leo. Hawezi kutuchezea nyumbani kwetu, mimi nipo!"

Don Bienve akaweka kikombe ukutani, taratibu.

"Nurys," akamwambia mama, "panya huyo aliazima kisu kwangu. Kampira akakavalisha pikipiki yake, kapeleke petroli kwenye injini. Na kisu changu hajarudisha mpaka leo."

Mama akanyoosha kiganja, bado kina mapovu.

"Funguo za pikipiki."