Kivuko cha Mbele ya Hospitali

Simu ya Mama ilinikuta nimesimama nyuma ya Meya. Ilikuwa mara ya tatu mchana huo. Nikaiinamia kama mwizi.

"Baba yako yuko wapi? Wameshanivalisha gauni lao, wananipeleka chumba cha upasuaji sasa hivi."

"Yuko njiani, Mama. Ametoka nyumbani kitambo."

"Njiani, njiani. Wiki nzima yuko njiani, akifika muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Sema tu kanichoka."

Akakata. Nikabaki nimeshika simu, roho juu, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Tulikuwa ghorofa ya nne ya jengo la kampuni, kwenye chumba cha kuongozea taa za barabarani, baridi tele na skrini ukuta mzima. Chini yetu yalikuwa makutano ya barabara, na kivuko ambacho taa zetu zilikuwa zikijaribiwa wiki hiyo yote, na ng'ambo ya makutano ilikuwa hospitali aliyolazwa Mama kwa ajili ya mawe ya nyongo. Karibu hivyo, na siwezi kwenda! Leo ndiyo siku ya kuwaonyesha wakubwa wa mji kazi yetu. Sisi wa chuo kikuu tulitengeneza akili ya taa, kampuni ikaleta kamera na nguzo. Mkataba wa kuzifunga kwenye vivuko vyote vya mji ulikuwa mezani, ukisubiri saini ya Meya, ya kampuni, na yangu kwa niaba ya chuo.

Injinia wa kampuni, kijana ambaye tai yake hailegei hata jua liwakeje, alikuwa anajinadi.

"Hakuna tena kitufe cha kubonyeza, Mheshimiwa. Kamera inamwona anayetaka kuvuka, inamchorea kisanduku cha kijani, magari yanasimama. Wa mwisho akishavuka tu, taa inafunga. Hatupotezi hata sekunde."

"Na imejuaje nani anataka kuvuka?"

"Imejifunza kwa wanafunzi wa Mwalimu hapa. Getini kwa chuo, mwaka mzima."

Meya akanigeukia. Nikatabasamu tabasamu la kukopa. Akili yangu yote ilikuwa kwa Baba, na ilikuwa imejaa hasira. Juzi tu nilimfokea jikoni: "Baba, barabara moja tu inakushinda?" Akanijibu, "Watu ni wengi, mwanangu." Nikamwambia watu ni wengi kila siku na wanavuka. Akaenda kuosha chupa yake ya chai.

Na hiyo chupa ndiyo niliyoiona kwanza kwenye skrini. Ya bluu, kifuniko kimepasuka. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, mgongo karibu na ukuta wa duka la dawa, amevaa koti analolivaa kwenda kwa Mama. Hakuwa na kisanduku. Kwa mashine yetu alikuwa sehemu ya ukuta.

Wakaja wasichana watatu, wakasimama ukingoni. Visanduku vitatu. Taa ikafunguka. Baba akasogea, akanyoosha mkono, na midomo yake niliisoma vizuri: piteni, piteni wanangu. Wakapita wanacheka. Akaja mtu na gunia begani, naye akakaribishwa. Walipokwisha vuka wote, Baba akatia mguu barabarani, na taa ikafunga. Gari likampigia honi. Akaruka nyuma, akamwinamia dereva kumwomba radhi, akarudi ukutani kwake.

"Mmeona?" Injinia akasema. "Imefungua, imefunga. Safi kabisa."

Ndipo nilipoelewa. Pale getini kwetu chuoni kila mtu husimama vidole vya miguu viko barabarani, na hakuna anayempisha mwenzake. Hayo ndiyo tuliyoifundisha. Na picha za wale wachache waliosimama mbali na ukingo nilizitupa mwenyewe, nikisema hawa ni walinzi na wapunga upepo, wanatuchafulia kazi.

"Injinia," nikanong'ona, "yule mzee pale ukutani."

"Mwenye chupa? Huyo havuki, Mwalimu. Yupo pale kila siku, anapumzika tu."

"Huyo ni baba yangu."

Sikumsubiri ajibu. Kwenye ngazi nilivua viatu nikavishika mkononi. Nilipofika ukingoni taa ilifunguka mara moja, kana kwamba inanijua.

"Ah, mwanangu! Kazi imeisha?"

"Tembea, Baba."

"Subiri kidogo, hawa wana haraka, waache—"

"Leo hupishi mtu!"

Nikamvuta mkono. Nilimvuta kwa hasira, na safari hii hasira haikuwa juu yake.

Wodini kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Muuguzi alikuwa anakunja shuka.

"Ameshaingia. Amesema mzee akija, aambiwe asijisumbue. Kama amechoka, anamwelewa."

Baba akanitazama mimi. "Nimechoka nini?"

"Ni mimi, Baba. Ile taa ni kazi yangu. Haikuoni."

"Haina macho?"

"Inayo. Niliifundisha vibaya."

Akafikiri sana. "Kumbe. Nilidhani ni mimi nimekuwa mzito siku hizi."

Nilitaka kulia, simu ikaita.

"Mwalimu, umetuua!" Injinia alikuwa anacheka. "Ulivyotokea mbio, taa ikafunguka papo hapo, wageni wakapiga makofi. Meya kasaini, bosi kasaini. Bado wewe tu."

"Sisaini."

"Acha utani."

"Yule mzee mnamwona kila siku. Siku taa ikimwona na yeye, niite."

Akaacha kucheka. "Kampuni itatafuta chuo kingine, Mwalimu. Unajua hilo."

"Itafute."

Nikakata. Nilizunguka nje ya chumba cha upasuaji, nikasoma matangazo yote ya ukutani, nikakaa, nikainuka. Viti vya mbele vilikuwa na nafasi, lakini Baba alikuwa amekwenda kukaa kile cha mwisho kwenye kona, wengine wakija wapate pa kukaa.

Jua lilikuwa limeshahamia dirisha lingine mlango ulipofunguka. Muuguzi mwingine akatazama viti vya mbele.

"Ndugu wa mama wa kitanda cha dirishani? Ameamka, anamuulizia mumewe."

Wa mbele wakatazamana. Kule kwenye kona Baba aliinua mkono kidogo tu, kama anayeomba radhi. Muuguzi hakumwona. Akageuka kurudi ndani.

"Yupo!" Nilipiga kelele ukumbi mzima ukashtuka. "Yupo hapa! Huyu hapa, ukutani!"

Baba akainuka na chupa yake. Waliokaa mbele wakavuta miguu ili apite.