Ya Maji ama ya Kali

Mtu anakuambia hajakunywa. Macho yake ni mekundu, moyo unamdunda mpaka shati linatikisika, na beseni la matapishi liko miguuni pake. Wewe ungeamini nini, mdomo wake ama beseni? Mimi niliamini beseni. Naitwa Zuena, nauza mahamri karibu na msikiti mjini Bungoma, na mtu huyo ni Huzaifa, mtoto wangu wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na mbili.

Alianza kunywa akiendesha lori la mahindi kutoka Suam. Kwanza ilikuwa ati ya kuondoa baridi. Baadaye ikawa ya kutuliza mikono iliyomtetemeka kila asubuhi, na hapo nilipaswa kushtuka, lakini mimi niliita malaria. Miaka mitatu nilimnunulia dawa ya malaria. Majirani walijua, imamu alijua, hata wateja wangu walijua. Kwetu pombe haiingii ndani ya nyumba, nami nikajidanganya kwamba hilo linatosha.

Siku alipoanguka kifafa sokoni Kitale, wasamaria wema wakampeleka kliniki moja pale mjini, na huko ndiko nilikokutana na mshauri anayeitwa Kipkosgei. Mtu mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma.

"Mama, kijana wako si mkaidi, ni mgonjwa," aliniambia. "Ugonjwa huu umeshika mwili, akili na roho. Tutautibu pande zote."

Na kweli walitibu pande zote. Daktari alimtoa sumu mwilini, kisha akamwandikia tembe moja ya kila asubuhi. Palikuwa na mazungumzo ya kikundi, shamba la sukuma wiki, mazoezi ya kupumua, na sindano ndogondogo za masikio ambazo nilizicheka nikidhani ni mzaha. Ijumaa alipewa ruhusa ya kwenda kuswali. Nikauliza kuhusu dawa za miti.

"Hatukatazi," Kipkosgei akasema. "Lakini usimpe kitu kabla hatujakiona. Na hii tembe, ushike maneno yangu: akionja pombe juu yake, utajua. Macho yatakuwa mekundu, moyo utaenda mbio, atatapika."

Nikashika hayo ya mwisho. Yale ya kwanza nikayaacha pale pale mezani.

Huzaifa alirudi nyumbani baada ya miezi miwili. Kila asubuhi alimeza tembe yake mbele yangu, kisha akachora mstari wa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Nilikuwa mtu wa kufoka nikiona alama kwenye ukuta wangu, lakini ile mistari niliipenda, na nikipika naihesabu. Shida ilikuwa moja tu, hali wala halali. Alikonda. Nikaogopa kwamba usiku mmoja atachoka kukaa macho aende kutafuta chupa. Basi siku ya soko nikaenda Misikhu kwa mama mmoja, Jentrix, anayesifiwa kwa mizizi yake.

Nikamweleza kijana wangu hana usingizi, hana hamu ya chakula. Sikutaja pombe. Ningetajaje, mimi mwenye buibui, mbele ya foleni ya watu?

"Unataka ya maji ama ya kari?" Jentrix akauliza. Watu wa huko ulimi wao unageuza kali ikawa kari.

"Nipe ya kali," nikasema. "Ya maji itamsaidia nini, na vile amekonda?"

Akanipa chupa nyeusi. Niliinusa, nikakutana na kitunguu saumu na mwarobaini mpaka machozi yakanitoka. Nikaridhika, hiyo sasa ndiyo dawa. Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa imebaki wiki mbili, nikasema nitaibeba siku hiyo waione.

Siku ya mstari wa sabini na mbili, baada ya swala ya alasiri, nikampimia nusu kikombe.

"Mama, Kipkosgei ameiona?" akaniuliza.

"Kipkosgei ndiye alikuzaa?" nikamjibu. Akacheka, akanywa yote, akanirudishia kikombe.

Haikufika nusu saa. Alikuja kutoka uani akishika ukuta, macho mekundu, akatapika kila kitu kwenye beseni. Nikaweka kiganja kifuani pake, moyo unakimbia. Ishara zote tatu, vile nilivyoambiwa. Nikajisemea, dawa yangu imekutana na pombe tumboni ndiyo maana imekataa.

"Umekunywa," nikasema.

"Wallahi, Mama, sijakunywa."

"Usimtaje Mungu kwa mdomo huo."

"Sijatoka hata nje ya geti, si umeniona?"

"Nimekuona miaka mitatu. Nenda kwa wenzako, usinitie aibu tena."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akasimama jikoni akitazama mistari yake kwa muda mrefu, halafu akaondoka. Tembe zake aliziacha dirishani.

Wiki mbili baadaye, tarehe ilipofika, nilienda Kitale kumshtaki. Kwa vile nilikuwa nimeahidi, nikaibeba chupa. Kipkosgei akaifungua, akainusa, akamimina kidogo kwenye kijiko, akainusa tena.

"Mama, hii imelowekwa kwa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji."

"Ni mizizi," nikasema.

"Ni mizizi ndani ya chang'aa. Ya kuchemshwa huitwa ya maji. Hii huitwa ya kali. Wewe ulidhani kali ni nini?"

Nikakaa chini kwenye saruji na buibui langu. Kipkosgei akasema tumtafute, akirudi hata leo watampokea. Akapiga simu kwa madereva wenzake Huzaifa.

Tulimpata nyuma ya maghala ya mahindi, hapo hapo Kitale, ameketi juu ya gunia tupu. Kipkosgei akabaki kando ili niseme mwenyewe. Huzaifa hakunisalimia. Mikono ilikuwa inatetemeka kama zamani.

"Hukuwa umekunywa, baba," nikamwambia. "Ni mimi. Dawa ya Misikhu ilikuwa na chang'aa, mimi sikujua. Nisamehe." Nikatoa chupa ili aone siongopi.

Aliishika kwa mikono miwili.

"Nilidhani ninapoteza akili," akasema. "Nilisema labda nilikunywa nikasahau, maana macho ya mama yangu hayawezi kukosea. Nikasema kama nimeshakunywa, basi ninywe." Akaigeuza chupa mikononi. "Siku za kwanza iliniumiza sana, ile tembe iliyobaki mwilini. Nikavumilia mpaka ikaacha."

"Twende nyumbani. Mistari yako iko, sijafuta."

"Ile sabini na mbili inahesabika?"

"Yote inahesabika."

Akalia, na mimi nikalia. Halafu akang'oa kizibo, akaiweka chupa mdomoni. Nilinyoosha mkono nimnyang'anye, nikauona mkono wenyewe, ni ule ule uliompimia nusu kikombe. Nikaurudisha. Akainywa mpaka mizizi ikabaki imelala chini ya chupa, akanirudishia, vile alivyonirudishia kikombe siku ile.